Mashine ya Mlima Kenya inayosoma Kaskazi na Kusi

Mwezi wa Julai, miaka kadhaa nyuma, nilipanda Meru na rafiki yangu aliyekuwa na shughuli ya biashara huko Timau. Sisi watu wa pwani Meru tunaijua kwa miraa inayoteremka jioni na viazi vinavyojaa Kongowea, lakini baridi yake hatuijui mpaka itukute. Usiku wa kwanza meno yaligongana. Rafiki yangu akaona jiko la makaa limekolea kwa mwenyeji wetu, akalibeba akaliingiza chumbani, akafunga mlango na dirisha. Mzee mwenyeji hata hodi hakupiga. Aliingia, akalinyanyua jiko akalitoa uani, akasema: "Vijana wangu, baridi haitawaua. Hili litawaua." Kisha akatuletea mablanketi mawili zaidi.

Alichokiogopa mzee yule ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huzaliwa kila kitu chenye kaboni kinapoungua bila hewa ya kutosha: makaa, kuni, petroli, nyasi za mbugani, takataka za jaani. Ikishaingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, kichwa kikauma, mtu akalala asiamke. Kila mwaka tunasikia habari za familia iliyolala na jiko ndani.

Nilichokuja kukijua baadaye, na ndicho kilichonifanya niandike leo, ni kwamba juu ya Timau kule kule, kwenye ubavu wa mlima, kuna kituo kilichowekwa kuihesabu gesi iyo hiyo. Hakiihesabu ya chumbani, bali ile chache mno iliyotapakaa katika hewa ya dunia. Na kumbukumbu zake ukizifuata vizuri, utakuta zinazungumza habari za kaskazi na kusi, pepo ambazo sisi tulidhani ni zetu peke yetu.

Kituo chenyewe kiko mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, upande wa kaskazini magharibi, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kilianzishwa mwaka 1999. Kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ushirikiano na taasisi za Uswisi, Empa na MeteoSwiss. Ni kimoja kati ya vituo takriban 30 ambavyo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linavihesabu kuwa vituo vya dunia nzima katika mpango wake wa kuangalia hewa, Global Atmosphere Watch. Kwa bara zima la Afrika, ukiacha visiwa, vituo vya daraja hilo ni vitatu: Assekrem katika milima ya Sahara ya Algeria, Cape Point Afrika Kusini, na hiki cha mlima wetu. Bara zima, vitatu.

Kabla ya kueleza mashine, tupime kwanza ukubwa wa kazi. Hewa kavu tunayoivuta ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na argoni karibu 1. Zinazobaki zote zinagawana kilichosalia, na wanasayansi hufuatilia hasa hizo ndogo ndogo. Chukua mchele wa pishori wa Mwea, pale jirani na Embu. Kaboni dioksaidi, ambayo sasa imepita sehemu 420 katika milioni, ni sawa na punje moja katika kiganja kimoja cha mchele. Methani, gesi ya matumbo ya ng'ombe, mashamba ya mpunga na majaa ya taka, ni punje moja katika kilo kama 12. Kaboni monoksaidi katika hewa safi ya mlimani ni kama sehemu 100 katika bilioni, na hiyo ni punje moja katika magunia manne au matano ya kilo 50. Mashine inatakiwa iione punje hiyo, na iseme kama leo ni punje moja au moja na robo.

Inaionaje? Kwa mwanga usioonekana.

Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, akiwa Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika kila rangi. Kisha akakiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na zebaki ikapanda kuliko kwenye rangi zote. Mwanga ule wa gizani ndio infraredi. Wewe unautumia kila siku. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza. Jicho halitaona kitu, lakini kwenye simu nyingi utaona taa ndogo inamweka. Hata kile kipimajoto cha bastola tulichoelekezewa kwenye paji la uso milangoni mwa benki wakati wa Korona mwaka 2020 kilikuwa kinasoma infraredi inayotoka mwilini mwako.

Sasa ingia udi na taarabu. Wapigaji wanajua kwamba ukiweka udi mbili karibu na nyuzi zimelinganishwa sawasawa, ukapiga uzi wa moja, uzi wa sauti ile ile katika udi wa pili hutetemeka wenyewe bila kuguswa. Nyuzi nyingine hunyamaza. Molekuli ya gesi ni hivyo hivyo. Atomu zake zimefungamana kana kwamba zina springi katikati, na springi hiyo ina mtetemo wake. Mwanga wa infraredi wenye mtetemo ule ule ukipita, molekuli huuchukua na kutetemeka. Mwanga mwingine wote huachwa upite.

Kila gesi ina sauti zake. Kaboni monoksaidi huchukua mwanga wa urefu wa wimbi wa maikromita 4.6 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kaboni dioksaidi huchukua 4.3 na 15. Methani 3.3 na 7.7. Ozoni 9.6. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, hazichukui kitu hapo, kwa sababu kila moja ni atomu mbili za aina moja na springi yao ikicheza haileti tofauti ya umeme kati ya upande na upande. Ni bahati kubwa, maana zingekuwa zinachukua, mashine isingeona kingine. Na ndiyo sababu gesi chache namna hii zina uwezo wa kuzuia joto la ardhi lisitoke. John Tyndall alilithibitisha hilo maabarani London mwaka 1859, alipoonyesha kwamba mvuke wa maji na kaboni dioksaidi humeza joto ilhali hewa ya nitrojeni na oksijeni huliacha lipite.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi kuisema. Pitisha infraredi katika hewa, tazama upande wa pili ni urefu gani wa wimbi umepungua, na umepungua kiasi gani. Urefu wa wimbi unakwambia ni gesi gani. Kiasi kilichopungua kinakwambia ni nyingi vipi. Kusoma huku ndiko kunaitwa spektroskopia ya infraredi. Ugumu ni ile punje moja katika magunia manne.

Mashine iliyoanza kupima kaboni monoksaidi Mlima Kenya mwezi Juni 2002 ilitumia ujanja ambao mimi, niliyesoma diploma ya maabara na kuvunja vioo vingi, bado naupenda. Hewa ya mlimani huvutwa ikaingia kwenye bomba lenye vioo, na mwale wa infraredi hurushwa humo ukaenda na kurudi mara nyingi, ili safari yake ndani ya hewa iwe ndefu na punje chache zipate nafasi ya kuumeza. Kabla ya kuingia, mwale hupita kwenye gurudumu linalozunguka lenye vidirisha viwili. Kimoja kimejazwa kaboni monoksaidi tupu, kingine nitrojeni.

Mwale ukipita kidirisha cha kwanza, sauti zote za kaboni monoksaidi zimekwisha kuliwa pale, kwa hiyo hewa ya mlimani haina cha kuongeza. Ukipita kidirisha cha nitrojeni, unafika mzima, na hewa ya mlimani inakula sehemu yake. Tofauti kati ya mipito hiyo miwili ndiyo kipimo. Uzuri wake ni kwamba gesi nyingine zikiingilia zinapunguza mwale katika mipito yote miwili, na katika kutoa zinafutika, kama vumbi lililokaa sawa kwenye vitanga viwili vya mizani. Ujanja huu huu uliwekwa kwenye chombo kiitwacho MOPITT ndani ya setilaiti Terra iliyorushwa Desemba 1999, ambayo imetazama kaboni monoksaidi ya dunia nzima kutoka juu. Setilaiti hutazama eneo kubwa kwa mkupuo, lakini lazima kuwe na mtu chini wa kuisahihisha, na katika ikweta ya Afrika watu hao ni wachache sana.

Mashine za kizazi kipya, ambazo zimefika mlimani humo pia, hutumia leza. Mwale hufungiwa katikati ya vioo vinavyorudisha karibu mwanga wote, kisha leza huzimwa na saa ya kasi ikahesabu mwanga uliobaki unafifia kwa muda gani. Ndani ya kisanduku unachoweza kukibeba, mwale husafiri kilomita kadhaa. Na mashine zote hizo, za zamani na za sasa, si kitu bila mitungi ya gesi iliyopimwa na maabara nyingine, ambayo husomwa mara kwa mara kuona kama mashine imeanza kusema uongo. Muuza duka yeyote anajua kwa nini mawe ya mizani hukaguliwa.

Tuje kwenye pepo.

Wataalamu walichukua vipimo vya Juni 2002 mpaka Juni 2006 na kwa kompyuta wakaifuata hewa nyuma, siku baada ya siku, mpaka ilikotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Hewa inayofika Mlima Kenya hutoka sehemu kadhaa kwa zamu: Arabuni na Pakistani, kaskazini mwa Bahari ya Hindi na India yenyewe, kusini mwa Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki hii hii, na hewa ya juu kutoka Afrika Kaskazini. Isome orodha hiyo polepole. Ukitoa ile ya mwisho, hizo ni safari za majahazi. Desemba mpaka Machi kaskazi ilileta mabaghala ya Maskati na Kachchi, ikaleta tende, chumvi na mazulia. Leo kaskazi inapanda mpaka juu ya Timau na gesi za miji na magari ya nchi hizo, kwa sababu nusu ya kaskazini ya dunia ina moshi zaidi kuliko nusu ya kusini. Kusi ikigeuka baada ya Aprili inaleta hewa ya bahari kubwa isiyo na watu, ingawa katika miezi hiyo mbuga za kusini mwa Afrika nazo huwaka moto. Baba zetu walizisoma pepo hizi kwa tanga na rangi ya maji. Mashine ya Meru inazisoma kwa molekuli.

Kuna jambo la pili ambalo mvuvi wa Kipini au Shela angelielewa kabla ya profesa. Mchana jua likipasha ubavu wa mlima, upepo hupanda kutoka mabondeni na kuchukua moshi wa mashamba na miji ya chini. Usiku ubavu ukipoa, hewa hushuka, na kituo kinabaki katika hewa safi ya juu iliyosafiri kutoka mbali. Ni mchezo ule ule wa umande na upepo wa bahari tunaotokea nao alfajiri na kurejea nao alasiri. Kwa sababu hiyo, anayetaka habari za dunia huchukua vipimo vya usiku, na anayetaka habari za majirani huchukua vya mchana.

Upande wa pili wa mlima, kule Embu, habari ni nyingine. Huo ndio upande unaopokea unyevu wa bahari yetu na kuugeuza mvua, na maji yake huingia Mto Tana, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu na Kiambere, yakatutokea Kipini. Huko kinachotazamwa zaidi ni udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Embu wamepima gesi zinazotoka kwenye mashamba ya mahindi ya nyanda hizo, pamoja na naitrasi oksaidi ambayo udongo huitoa ukitiwa mbolea. Hufunika kipande cha ardhi kwa chombo chenye kifuniko, wakavuta hewa kwa sindano baada ya muda, wakaipeleka maabara. Kazi ya jasho na matope. Siku hizi zipo mashine za infraredi za kubebwa zinazotoa jibu papo hapo shambani, lakini bei yake si ya mchezo.

Je, vipimo vyote vya mlimani vimesema nini? Mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyokusanya kumbukumbu za kaboni monoksaidi za miaka mingi kutoka kituo kile. Duniani kwa jumla gesi hii imekuwa ikipungua, kwa sababu magari na viwanda vya nchi tajiri vimekuwa safi zaidi. Afrika ndiyo inayotofautiana. Mlima Kenya, katika muda wa kama miongo miwili, hakukuonekana mabadiliko makubwa ya kupanda wala kushuka. Gesi huongezeka kidogo nyakati za ukame, na mara kwa mara huja mawimbi mafupi ya uchafu. Lakini waandishi wenyewe wametanguliza tahadhari: kumbukumbu zina mapengo, na mapengo hayo yanaifanya hukumu ya muda mrefu iwe ngumu.

Hapo ndipo roho yangu inapouma. Pengo katika kumbukumbu ya hewa halizibwi. Ukikosa kupima Januari ya mwaka fulani, hewa ile imekwenda, hakuna mahali utakapoipata tena. Mlima mmoja huko Hawaii, Mauna Loa, ulianza kupimwa kaboni dioksaidi kwa mashine ya infraredi mwezi Machi 1958, ikiwa sehemu kama 313 katika milioni. Dunia nzima inaamini mstari wake kwa sababu wamekaa miaka zaidi ya 60 wakifanya kazi ile ile, ya kuchosha, kila siku. Mashine si lazima iwe ya ajabu, bali lazima umeme usikatike, njia ipitike wakati wa mvua, na mtu wa kupanda kuitazama alipwe. Fedha za wafadhili hupatikana kwa urahisi siku ya kununua mashine. Za kumlipa fundi mwaka wa kumi ni ngumu.

Na sisi pwani tusimcheke Mmeru, maana msiba wetu ni mkubwa zaidi. Malindi, pale kwenye kituo cha Waitaliano, palikuwa panarushwa maputo ya kupima ozoni katika mtandao mmoja na Nairobi, uitwao SHADOZ, ulioanza mwaka 1998. Nairobi imeendelea. Malindi ilinyamaza miaka ya 2000. Kaskazi na kusi zinatupitia sisi kwanza, tuna bandari yenye foleni za malori, tuna jaa la Mwakirunge, tuna majiko ya makaa katika kila mtaa, na hewa yetu inakisiwa kwa vipimo vya watu wengine. Nakiri pwani si pepesi kwa mashine hizi. Mvuke wa maji humeza infraredi kwa upana mkubwa, kwa hiyo hewa lazima ikaushwe kwanza au kompyuta iurekebishe, na chumvi ya baharini hula vioo na vyuma. Lakini Cape Point iko juu ya jabali la bahari, na wanapima. Addis Ababa nayo mwaka 2009 iliwekewa mashine inayoelekezwa kwenye jua lenyewe, ikasoma ni sauti gani za infraredi zimeliwa njiani kutoka juu mpaka chini.

Kwa watoto wetu walioko vyuoni, wa fizikia, kemia na hata kompyuta: vipimo vya Mlima Kenya havikufungiwa kabatini. Vimehifadhiwa katika kituo cha kumbukumbu za gesi cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kinachotunzwa na idara ya hali ya hewa ya Japani mjini Tokyo, na huchukuliwa bure kwenye intaneti. Jina la kituo ni herufi tatu, MKN. Mtu akikaa na kompyuta yake Lamu au Likoni, akazipanga nambari za usiku za Januari kando ya za Julai, ataziona pepo mbili zikipishana.